FUNDO NA MNYORORO: MAANA YA MAJINA YANAYOWAFUNGA WATU

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfunza Adamu majina ya vitu vyote. Na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imekuwa desturi ya watu kuyatamka maneno kwa ulimi pasina kuyapima kwa akili. Mtu husema ndugu, na jirani, na rafiki, na mtumwa, na mwungwana, na kufu, asijue neno limetoka wapi wala limebeba nini. Na mara nyingi neno asilolijua maana yake ndilo analompigia mwenziwe kama jiwe. Waraka huu umekusudiwa kueleza asili ya baadhi ya maneno hayo, khasa yale yanayotaja mafungamano baina ya watu, na kuonyesha uzito wake katika mji wa Ujiji, ulioko kando ya Ziwa la Tanganyika, kusini kidogo ya Kigoma.

Umechaguliwa mji huo kwa kuwa ni mtoto wa pwani aliyezaliwa bara. Kiswahili chake, kanzu zake, misikiti yake na miembe yake vyote vilifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo na Unguja. Mtu wa Lamu, au wa Pangani, au wa Kilwa, akiutazama mji huo hujiona nafsi yake katika kioo.

MAS'ALA

Kijana Mwislamu, mwenye kusali na kufunga, mwenye kazi ya halali, amekwenda kuposa. Binti ameridhika. Baba wa binti hana la kumlaumu kijana huyo katika dini yake wala katika tabia yake, ila amesema: "Babu yake aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa. Asili yake haijulikani. Huyo si kufu yetu." Posa ikarudishwa.

Je, neno hilo lina uzito gani katika sheria na katika akili? Mas'ala hii si ya Ujiji peke yake. Pwani nzima inaijua, na nyumba nyingi zimeingiwa na huzuni kwa ajili yake. Jawabu yake itakuja mwisho. Lakini mwenye kuyafuata maneno yenyewe mpaka mizizini huenda akaiona kabla ya kuifikia.

FASILI YA KWANZA: JINA LA ZIWA NA JINA LA MJI

Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji pamoja na Speke mwezi wa Februari mwaka 1858, aliandika kwamba jina Tanganyika limetokana na neno kutanganyika, maana yake kukutana na kuchanganyika, kwa sababu maji ya mito mingi hukutana humo. Stanley, aliyekuja baadaye na kumkuta Livingstone hapo Ujiji mwaka 1871, alilipa jina hilo maana nyingine, akalifananisha na uwanda ulionyoka. Lakini maana ya Burton ina shahidi katika Kiswahili, kwani Waswahili nao husema kutangamana, yaani kuwa pamoja na kuchanganyika.

Na maana hiyo imesadikishwa na watu wenyewe wa ukingo wa ziwa. Ujiji ni nchi ya Wajiji, ambao ni katika jamii ya Waha, nao ndio wenyeji. Wakaja juu yao wafanya biashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, tangu miaka ya 1840. Wakaja Wanyamwezi na mizigo yao. Kisha wakaja watu wa ng'ambo, Wabwari na Wagoma na Wabembe na wengineo, na wale waliotoka mbali zaidi, kutoka Nyangwe na Kasongo kwenye mto Lualaba. Wote hao wa ng'ambo waliitwa kwa jina moja, Wamanyema, ijapokuwa Manyema yenyewe ni sehemu moja tu ya nchi hizo.

Tanbihi: Haifai kudhani kwamba kila Mmanyema aliletwa kwa kamba. Walikuwako waliotekwa, na hilo halifichiki. Lakini walikuwako waliokuja kwa miguu yao kuwa wapagazi, na wavuvi, na wafanya biashara, na watu waliokimbia vita vya Kongo vya miaka ya 1892 hata 1894. Basi asemaye, "Huyu ni Mmanyema, basi ni mtumwa," amesema neno la uongo kabla hajasema neno la dharau.

FASILI YA PILI: KUFUNGA NA KUFUNGUA

Katika Kiswahili neno kufunga limekusanya mambo mengi. Mtu hufunga mzigo, hufunga mlango, hufunga safari, hufunga Ramadhani, hufunga ndoa, na hufungwa gerezani. Neno ni moja, lakini hukumu si moja. Afungaye Ramadhani amejifunga mwenyewe kwa nia. Afungwaye gerezani amefungwa na mwingine kwa nguvu. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa waraka huu wote: kuna kifungo cha ridhaa na kuna kifungo cha kulazimishwa, na mwenye kuvichanganya hupotea.

Waarabu nao wana neno mfano wa hilo, nalo ni akidi. Asili yake ni kufunga fundo katika kamba. Katika Sura Taha, Nabii Musa, juu yake amani, anamwomba Mola wake alifungue fundo lililo katika ulimi wake, na neno lililotumika ni la mzizi huo. Katika Sura ya Baqara ndoa imeitwa fundo kwa neno lilo hilo. Na Sura ya Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini kutimiza akidi zao. Kutoka mzizi huo limekuja pia neno itikadi, yaani lile ambalo moyo umelifungia fundo usiliache. Kwa hiyo imani ya mtu na ndoa ya mtu ni mafundo ya kamba moja. Anayecheza na moja amelegeza na la pili.

Na kinyume cha akidi ni talaka. Asili ya neno hili ni kuachilia, kama mtu anavyomfungua ngamia akaenda zake. Ndiyo maana talaka haina maana pasipo ndoa. Hakifunguliwi ila kilichofungwa.

Na neno mkataba, ambalo leo kila mwenye kazi hulitia sahihi yake, limetokana na mzizi wa kuandika, ambao ndio uliozaa kitabu, na katibu, na maktaba. Katika sheria ya Kiislamu mukataba ni maandikiano baina ya mtumwa na bwana wake kwamba atalipa mali kadha kwa awamu, kisha awe huru. Sura ya Nur imewaamrisha mabwana kuwaandikia watumwa wao watakapo hayo, ikiwa wanaona kheri kwao, na tena kuwapa sehemu ya mali ya Mwenyezi Mungu iwasaidie. Tazama basi: neno ambalo leo ni la kumfungia mtu kazini, katika Qur'ani lilikuwa neno la kumfungulia.

FASILI YA TATU: MTUMWA, MJA NA MWUNGWANA

Mtumwa ni mtu anayetumwa. Asili yake ni kutuma, wala hakuna zaidi. Na kutoka katika kutuma huko huko limetoka neno tukufu kuliko majina yote ya wanadamu, nalo ni Mtume, yaani aliyetumwa na Mwenyezi Mungu. Basi wahenga waliotunga lugha hii hawakuona aibu katika kutumwa. Heshima ya anayetumwa ni kwa kadiri ya anayemtuma na jambo alilotumwa.

Mja ni mtu aliyekuja. Hapo kale lilikuwa jina la mgeni asiye na ukoo katika mji, kisha likawa jina la mtumwa, kisha likapanda likawa jina la kila mwanadamu mbele ya Mola wake, husemwa, "Mja hana hila." Mjakazi ni mja wa kike. Wengi hudhani kwamba kazi iliyo mwishoni mwa neno hilo ni kazi ya mikono, nao wamekosea. Hilo ni neno la kale la kibantu lenye maana ya mwanamke, kama Waganda wasemavyo hata leo omukazi. Basi mjakazi si mtu aliyeumbwa kwa ajili ya kazi; ni mwanamke aliyekuja mahali pasipo kwao, basi.

Na mwungwana ni mtu huru, mwenye adabu na nasaba ya mji. Lakini neno hilo lilipopanda bara pamoja na misafara lilipanuka. Kule Ujiji na Manyema, Wangwana walikuwa watu wote wa msafara waliovaa nguo za pwani, wakasema Kiswahili na kufuata Uislamu. Miongoni mwao walikuwako wengi ambao kule Unguja wangaliandikwa watumwa. Kutoka kwao lugha ya Kiswahili cha Kongo ya mashariki ikaitwa Kingwana. Mtu mmoja basi aliweza kuwa mtumwa Unguja na mwungwana Ujiji, na hali ni yeye yule, mwili wake na roho yake havikubadilika. Kilichobadilika ni mahali aliposimama. Je, jina linalobadilika kwa mwendo wa miguu laweza kuwa ni asili ya mtu?

Mfano wake ni Sidi Mubarak Bombay, ambaye khabari zake zimeandikwa vitabuni. Alizaliwa Uyao, akatekwa angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, na bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Unguja. Akafika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke, na akafika tena mwaka 1871 akiwa mkuu wa watu wa msafara wa Stanley. Jina la mwisho alilipewa kwa mji wa ugenini. Jina la kati ni la Kiarabu, maana yake aliyebarikiwa. Na Sidi, jina walilokuwa wakiitwa Waafrika huko Bara Hindi, asili yake ni sayyidi, yaani bwana wangu. Waliomwuza walimwita kwa neno la bwana, wala hawakujua wanalolisema.

Na ajabu iliyo kubwa kuliko hiyo ni majina ya waungwana wenyewe. Abdallah, Abdulrahmani, Abdulkadiri, Abdulkarimu: haya ndiyo majina ya masharifu na wanazuoni na matajiri, na kila moja huanza na abdi, ambalo kwa Kiarabu ni mtumwa. Imekuja katika hadithi sahihi kwamba majina yapendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdallah na Abdulrahmani. Na imekuja pia kwamba Bwana Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwakataza mabwana wasimwite mtu "abdi wangu", bali waseme "kijana wangu", kwa kuwa utumwa ni haki ya Mwenyezi Mungu peke yake. Basi yule baba aitwaye Abdallah, anayeirudisha posa kwa sababu ya utumwa, na alisome jina lake mwenyewe kwanza.

FASILI YA NNE: TUMBO, ZIWA NA NJIA

Mafungamano ya watu hutokana na mambo mengi. La kwanza ni tumbo. Kwa Kiarabu huitwa rahimu, na mzizi wake ni mmoja na rehema, na Rahmani, na Rahimu ambayo ni majina ya Mwenyezi Mungu. Imepokewa katika hadithi kudusi kwamba Mwenyezi Mungu amelitoa jina la rahimu katika jina lake, na kwamba mwenye kuiunga humwunga na mwenye kuikata humkata. Na Warundi, walio jirani wa Kigoma upande wa kaskazini, humwita ndugu umuvandimwe, maana yake atokaye katika tumbo moja. Waarabu wa jangwani na watu wa kando ya ziwa wameafikiana pasina kuambizana.

La pili ni ziwa. Neno hili lina maana mbili: ziwa la mama anyonyeshaye, na ziwa la maji. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtoto anyonyeshwaye mara tano kabla hajatimiza miaka miwili huwa mtoto wa aliyemnyonyesha, na wanawe huwa ndugu zake, ni haramu kuoana. Nasaba haikuulizwa hapo wala kabila. Maziwa yametosha kufanya undugu. Basi na watu wa mji mmoja, wanaokunywa maji ya ziwa moja, na kula dagaa wake na migebuka yake, na kuzikana katika ardhi moja, nao wana sehemu yao ya undugu, ingawa si ile ya sheria ya ndoa.

La tatu ni njia na nyumba. Rafiki kwa Kiarabu ni mwenzi wa safari, na mzizi wake ni upole. Maana safari ndefu haiwezekani ila kwa kuchukuliana. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, mtu wa pwani alikwenda kwa miguu miezi mitatu na zaidi mpaka kuliona ziwa, na aliyemshika mkono penye mto na kumpa maji penye ukame ndiye aliyeitwa kwa haki rafiki. Na jirani ni neno ambalo kwa Kiarabu ni la wingi. Mmoja huitwa jari. Waswahili wameuchukua wingi wakaufanya mmoja, kana kwamba wamesema: jirani mmoja ni sawa na watu wengi.

La nne ni damu ya kuchanjiana. Ilikuwa desturi ya bara kwamba watu wawili watakao amani hutiana chale, kila mmoja akaonja damu ya mwenziwe, wakawa ndugu. Stanley alifanya hivyo na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, mwaka 1876. Uislamu umeharimisha damu, lakini haukuwaacha watu pasipo badala. Bwana Mtume alipohamia Madina aliwaunga Muhajirina na Ansari wawili wawili wawe ndugu, pasina chale wala damu. Saad bin Rabii alimpa Abdulrahmani bin Aufi khiyari ya nusu ya mali yake. Naye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Na wanahistoria wamepokea kwamba Hamza, ami yake Mtume, simba wa Makureshi, aliungwa undugu na Zaidi bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru.

La tano ni kabila, na hili ndilo linaloogopwa. Mzizi wake ni kuelekeana uso kwa uso. Kutoka hapo limetoka kukabili, na kibla, na kukubali. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu wamelifananisha na mifupa ya kichwa, ambayo kila mmoja umeelekea mwingine ukashikamana nao, likawa fuvu moja. Sura ya Hujurati imesema wazi kwamba watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba mtukufu wao ni mcha Mungu wao. Na katika akidi ya nikahi, walii hutoa ijabu na mume hujibu kabuli; na kabuli ni ndugu yake kabila kwa mzizi. Ni ajabu kwamba neno kabila hutumiwa kuzuia ndoa, na hali nduguye ndiye anayeifunga.

FASILI YA TANO: WALAA NA KUFU

Sheria haikumwacha mtumwa aliyeachwa huru awe kama jani lililokatika mtini. Ilimfunga kwa fundo jipya liitwalo walaa. Imepokewa kwamba walaa ni kama nasaba, haiuzwi wala haitolewi zawadi. Na neno lililotumika katika hadithi hiyo, luhma, ni jina la mshindio wa nguo, yaani uzi upitao kati ya nyuzi za mtande. Mtu huyo amefumwa ndani ya ukoo kama uzi ndani ya kitambaa. Ukiuchomoa, nguo yote huharibika.

Na mwenye walaa huitwa maula, na jina hilo huitwa kwalo aliyeacha huru na aliyeachwa, wote wawili sawasawa. Na kutoka neno hilo limekuja la Kiswahili Mola. Lugha imemkalisha bwana na mtumwa wake wa zamani katika jina moja, kisha ikampa Mwenyezi Mungu jina hilo, ili wote wawili wajue aliye juu yao.

Na khabari ya Zaidi ndiyo msingi wa mlango huu. Alitekwa mtoto, akauzwa, akafika kwa Bibi Khadija, naye akampa Bwana Mtume, akamwacha huru na kumfanya mwanawe. Watu wakamwita Zaidi bin Muhammad. Kisha ikashuka aya ya tano ya Sura ya Ahzabu, ikaamrisha watu waitwe kwa baba zao. Na ikiwa baba zao hawajulikani, basi ni ndugu katika dini na mawali. Aya hii imewataja kwa hakika wale ambao asili yao haijulikani. Haikusema wadharauliwe. Haikusema waulizwe zaidi. Imewapa jina, na jina hilo ni ndugu.

Sasa yafaa kuirudia mas'ala. Haifichwi kwamba vitabu vya fiqhi ya Imamu Shafi, kama Minhaji ya Imamu Nawawi, vimetaja kufu, na katika mambo ya kufu vimetaja uhuru na nasaba pamoja na kujizuia na machafu, na kazi, na kusalimika na aibu za mwili. Asemaye kwamba jambo hilo halimo vitabuni hakusema kweli. Lakini vitabu hivyo hivyo vimesema na mengine, nayo ni haya:

Kwanza, kufu ni haki ya mke na walii wake. Wakiridhika, nikahi ni sahihi wala haina kasoro. Kufu si sharti ya kuifanya ndoa iwe ndoa. Bwana Mtume alimshauri Fatima binti Kaisi, mwanamke wa Kikureshi aliyekuwa ameposwa na wakubwa wa Kikureshi, aolewe na Usama, mwana wa Zaidi huyo huyo. Kwanza hakupendezewa, kisha akatii, naye mwenyewe akasimulia kwamba Mwenyezi Mungu alitia kheri katika ndoa hiyo.

Pili, asili ya wanadamu katika sheria ni uhuru. Mtoto wa kuokotwa, asiyejulikana mama wala baba, wanazuoni wamemhukumu kuwa ni huru, na Sayyidna Umari alimhukumia hivyo mtoto aliyeokotwa katika zama zake, kama ilivyo katika Muwatta ya Imamu Maliki. Basi ikiwa mtoto asiyejulikana hata tumbo lililomzaa ni huru, itakuwaje mjukuu wa mtu aliyeishi Ujiji, akasali Ujiji, akazikwa Ujiji, ahukumiwe kwa uvumi? Asemaye, "Asili yake haijulikani," amedhani kwamba amemtia mwenziwe katika utumwa. Naye kwa hukumu ya sheria amemshuhudia uhuru.

Tatu, utumwa wenyewe umeondoka. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hukumu ya utumwa ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922. Hapana mposaji leo aliye mtumwa wa mtu. Kilichobaki ni kumbukumbu ya mnyororo, na kumbukumbu si sharti ya nikahi.

Nne, walii anayemzuia binti aliyekwisha baleghe na mume aliye kufu yake, pasipo sababu ya sheria, huitwa mwenye adhli, yaani mzuiaji. Jambo lake hupelekwa kwa mwenye kuhukumu, naye akithibitisha uzuiaji huo ana haki ya kumwoza. Basi yule baba atafakari: alijidhani kuwa ni mlinzi wa nasaba, na huenda mbele ya sheria akaitwa kwa jina lisilompendeza.

Jawabu basi ni hii: neno la "asili yake haijulikani" si hoja ya sheria ya kuirudisha posa hiyo. Walii ana haki ya kuuliza dini ya mposaji, na tabia yake, na kazi yake, na madeni yake. Na binti ana haki ya kukataa. Lakini kumrudisha mtu kwa ng'ambo aliyotoka babu yake ni desturi ya jahiliya iliyovikwa kanzu. Sahaba mtukufu Abu Dharri alimtukana mtu kwa mama yake, na Bwana Mtume akamwambia kwamba ndani yake mna jahiliya, akamfunza kwamba walio chini ya mikono ya watu ni ndugu zao. Ikiwa Abu Dharri aliambiwa hivyo, nani leo aliyesalimika?

KHATIMA

Limebaki neno moja, nalo ni silsila. Kwa Kiarabu ni mnyororo. Sura ya Insani imetaja minyororo ya Moto kwa wingi wa neno hilo. Na neno hilo hilo ndilo jina la ule mfuatano wa masheikh, mwanafunzi kwa mwalimu wake, mpaka kufika kwa Bwana Mtume. Katika Ujiji tarika ya Kadiria imeenea sana, na miongoni mwa viongozi wake walikuwako Wamanyema. Watu ambao wazee wao walivushwa ziwa kwa mnyororo wa chuma walisimama katika mnyororo wa nuru, wakawa pete ndani yake, na watoto wa waungwana wakakaa mbele yao kujifunza dini.

Mnyororo wa chuma umekwisha kuoza katika matope ya ziwa. Aushikao leo kwa ulimi wake hamfungi nao mtu mwingine; amejifunga mwenyewe. Na kamba ya Mwenyezi Mungu, ambayo Sura ya Aali Imrani imewaamrisha Waislamu waishike wote pamoja wala wasifarikiane, ingali imenyoshwa, na ina nafasi ya mikono ya Mjiji na ya Mmanyema, ya Mwarabu na ya Mswahili. Wahenga wamekwisha kusema: undugu ni kufaana, si kufanana.

Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake yeye ndiko kuwafikishwa. Na sala na salamu zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na aali zake, na masahaba zake, walio waungwana na waliokuwa watumwa, wote pamoja. Amin.